Skuli za Chata za Marekani: Mtoa Idhini Ana Wajibu Gani kwa Skuli Anazozisimamia?



Baadhi ya wasomaji wetu wa Unguja, Pemba na Lamu wana watoto na wajukuu walioko Marekani, na suali moja limekuwa likitufikia kwa sura mbali mbali. Mtoto ameandikishwa katika skuli inayoitwa ya chata. Wazee hawalipi ada, walimu ni wazuri, mtoto mwenyewe anafurahi. Kisha inakuja barua nyumbani: mkataba wa skuli unamalizika, na "mtoa idhini" bado hajaamua kama atauongeza. Huyu mtoa idhini ni nani? Na imekuwaje neno lake peke yake liweze kufunga skuli yenye mamia ya watoto?

Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo. Wapo wanaodhani mtoa idhini ni mtu wa kupiga muhuri tu, na wapo wanaodhani ni askari anayengojea skuli ikosee aifunge. Akifanya kazi yake inavyotakiwa, hatakuwa huyu wala yule.

Chata ni nini

Kwetu visiwani tumezoea aina mbili za skuli: ya Serikali, inayoendeshwa na Wizara, na ya binafsi, ambayo mzee hutoa ada mfukoni mwake. Skuli ya chata imekaa katikati. Fedha zake ni za umma, haitozi ada, na haina ruhusa ya kuchagua watoto. Wakizidi nafasi zilizopo, hupigwa kura. Lakini aghlabu haiendeshwi na idara ya elimu ya wilaya. Ina bodi yake yenyewe inayoajiri walimu, kupanga ratiba na kushika hesabu. Uhuru huo inaupata kwa kutia saini mkataba wa muda maalumu unaosema itafundisha nini, watoto watafikia kiwango gani, na fedha zitatunzwa vipi. Mkataba huo ndio chata.

Jimbo la mwanzo kupitisha sheria ya skuli hizi lilikuwa Minnesota, mwaka 1991. Skuli ya mwanzo, City Academy, ilifunguliwa katika mji wa St. Paul mwaka 1992, na mwaka huo huo California nayo ikapitisha sheria yake. Leo zipo zaidi ya 7,000 nchini Marekani, na zina wanafunzi zaidi ya milioni 3.5.

Mkataba una pande mbili: bodi ya skuli upande mmoja, na mtoa idhini upande wa pili. Mtoa idhini ni taasisi iliyopewa na sheria ya jimbo mamlaka ya kukubali skuli ifunguliwe, kuiangalia inavyokwenda, na mkataba ukifika mwisho kuamua uongezwe au usiongezwe. Mara nyingi ni idara ya elimu ya wilaya. Lakini New York, miongoni mwa watoa idhini ni Chuo Kikuu cha Jimbo, Washington D.C. ipo bodi maalumu kwa kazi hiyo. Indianapolis ni meya wa mji, tangu mwaka 2001. Na Minnesota na Ohio sheria inazikubali hata jumuiya zisizotafuta faida. Muda wa mkataba nao hutofautiana. New York hauzidi miaka mitano. Washington unafika miaka 15, lakini skuli hupitiwa upya angalau kila baada ya miaka mitano.

Ilivyokuwa kwa Tarek ibn Ziyad Academy

Wapo Waislamu wengi wa Minnesota wanaoikumbuka skuli hii, na kisa chake kinaonyesha uzito wa mtoa idhini kuliko maelezo yoyote. Tarek ibn Ziyad Academy ilifunguliwa mwaka 2003 katika mji mdogo wa Inver Grove Heights, pembezoni mwa St. Paul, na baadaye ikawa na tawi Blaine. Wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa familia za Kiislamu zilizohamia Marekani. Kiarabu kilifundishwa kama lugha, na skuli ilisifiwa kwa matokeo ya mitihani ya watoto ambao wengi wao nyumbani hawakuzungumza Kiingereza. Mtoa idhini wake alikuwa Islamic Relief USA, taasisi ya misaada ambayo makao yake hayakuwa Minnesota.

Skuli ya chata ni skuli ya umma, na kwa sheria ya Marekani skuli ya umma hairuhusiwi kufundisha dini wala kuisimamia. Mwanafunzi mwenyewe ana haki ya kuswali katika muda wake. Walimu na uongozi wa skuli ndio wasioruhusiwa kuipanga ibada hiyo au kuiongoza. Mstari huu kwa maneno unaonekana mwepesi. Kwa vitendo, khasa pale ambapo takriban wanafunzi wote ni wa dini moja, ni mwembamba mno. Mwaka 2008 skuli hii ikaandikwa gazetini kwa lawama. Idara ya Elimu ya Minnesota ikachunguza, ikaona kwamba katika mengi skuli ilikuwa ikifuata sheria, lakini ikaitaka ibadilishe mambo mawili: jinsi swala ya Ijumaa ilivyofanyika, na mpango wa mabasi ya kuwarejesha watoto majumbani baada ya masomo. Januari 2009 tawi la Minnesota la ACLU, jumuiya inayotetea uhuru wa raia, likafungua kesi mahakamani.

Kesi ikiendelea, jambo jengine likaja kwa upande mwengine kabisa. Mwaka huo huo wa 2009 Minnesota ilibadilisha sheria yake ya skuli za chata. Watoa idhini wote walitakiwa kuomba upya kibali kutoka kwa jimbo, na taasisi ya nje ya jimbo haikuweza tena kuwa mtoa idhini. Hivyo skuli ikawa na muda maalumu wa kupata mtoa idhini mwengine, huku kesi ikiwa juu ya kichwa chake. Ilijaribu. Uhamisho haukukubaliwa, mahakama haikuiokoa, na katikati ya mwaka 2011 skuli ikafungwa ikiwa imeomba hifadhi ya kufilisika. Mamia ya watoto wakatafutiwa skuli nyengine wakati wa likizo ya kiangazi.

Hatukusudii hapa kuhukumu nani alikuwa na haki katika kesi ile. Tunachotaka kionekane ni kuwa skuli ilifunga milango kwa kukosa mtoa idhini anayetambulika kisheria. Walimu walikuwepo, wanafunzi walikuwepo. Kilichokosekana ni sahihi ya upande wa pili wa mkataba.

Hapa tutatoa maoni yetu. Mtoa idhini wa skuli yoyote inayokaribia mstari wa aina hii, iwe ya jamii ya Kiislamu, ya Wakatoliki au ya Wahmong, anaisaidia zaidi katika mwaka wa kwanza kuliko katika mwaka wa kesi. Msaada huo ni kukaa na bodi kabla ya milango kufunguliwa, mwanasheria akiwepo, na kuandika kwa uwazi: chumba hiki kitatumika kwa nini na saa ngapi, mwalimu afanye nini na asifanye nini mtoto anapotaka kuswali, jengo tumelikodi kwa nani na kwa bei gani, masomo ya dini ya baada ya saa za skuli yanaendeshwa na nani na yanalipiwa na nani. Kisha aje mwenyewe kuangalia, si mara moja, na aandike alichokiona. Skuli yenye karatasi kama hizo, ikishtakiwa, ina kitu cha kuweka mezani.

Suala hili halijafungwa. Juni 2023 bodi ya jimbo la Oklahoma iliyosimamia skuli za chata za mtandaoni iliikubali skuli ya Kikatoliki, St. Isidore of Seville, iwe ya chata na ifundishe dini waziwazi kwa fedha za umma. Mahakama Kuu ya Oklahoma ikaubatilisha mkataba huo mwaka 2024. Mei 2025 majaji wa Mahakama Kuu ya Marekani waligawanyika wanne kwa wanne, na kwa mgawanyiko huo hukumu ya jimbo ikabaki pale pale. Bodi iliitia idhini, na skuli haikupata kufungua.

Kusimamia bila ya kuendesha

Jumuiya ya watoa idhini ya taifa, NACSA, iliyoanzishwa mwaka 2000, inawaelekeza wanachama wake katika misingi mitatu: kushika viwango vya juu, kuheshimu uhuru wa skuli, na kulinda maslahi ya wanafunzi na ya umma. Ukiitazama utaona kuwa msingi wa kwanza na wa pili huvutana. Ukibana sana, unaua ule uhuru uliokuwa sababu ya kuwepo chata. Ukilegeza, watoto na fedha za umma hupotea. Mtoa idhini anayeambiwa "isaidie skuli" hujaribiwa kuingia ndani na kuanza kuamua nani aajiriwe, kitabu gani kinunuliwe, mwalimu mkuu abadilishwe au asibadilishwe. Huo hauwi tena msaada. Mtu aliyechagua mwalimu mkuu hawezi baada ya miaka minne kukaa akamhukumu kwa uadilifu, maana atakuwa anajihukumu mwenyewe.

Basi msaada ni upi? Mwingi wake ni wa mapema, na hauna makeke.

Unaanza kabla ya mlango kufunguliwa. Skuli nyingi hupewa mwaka mmoja wa matayarisho baada ya kukubaliwa. Katika mwaka huo mtoa idhini mzuri hupitia pamoja na bodi mambo ambayo mwalimu mwenye ari huwa hayafikirii: bima, kibali cha jengo, uchunguzi wa rekodi za jinai za wafanyakazi, utaratibu wa kura ya kuingiza watoto, nani atashika daftari la fedha. Jengo huwa tatizo kubwa kuliko yote, kwani skuli hizi aghlabu hazipewi majengo kama zinavyopewa skuli za wilaya, na kodi hula fedha za walimu. Washington D.C. sheria inazipa skuli za chata nafasi ya mwanzo kuyaomba majengo ya skuli za umma yaliyoachwa wazi. Mtoa idhini hawezi kujenga, lakini anaweza kusema mapema: mkataba huu wa kodi ni mzito, hamtauweza.

Kisha kuna bajeti. Skuli hulipwa kwa idadi ya watoto. Tuseme bodi imepanga mambo yake kwa watoto 200, wakaja 140. Walimu wameshaajiriwa, kodi ya jengo haipungui, na kufika Januari hakuna mshahara. Kwa hiyo watoa idhini wengi huangalia alama chache tu za fedha, moja ikiwa ni hii: skuli ina fedha taslimu za kuiendesha kwa siku ngapi bila ya kupokea kitu? Kiwango kinachotajwa sana ni siku 60. Skuli yenye siku 15 haijafilisika, lakini inahitaji kuambiwa, na iambiwe Oktoba wakati bado inaweza kupunguza matumizi.

Na kuambiwa kwenyewe kuna adabu yake. Bodi ya skuli ya chata mara nyingi ni wazee na watu wa kujitolea: muuguzi, fundi, mwenye duka, mwalimu mstaafu. Wakipelekewa ripoti ya kurasa 40 iliyojaa takwimu, hawatajua lipi ni la kutisha na lipi ni la kawaida. Barua ya ukurasa mmoja inayosema "mambo mawili haya yasiporekebishwa kufikia Machi, mkataba wenu uko hatarini" ni hisani kubwa, ijapokuwa inauma. Mtoa idhini anayenyamaza miaka minne kwa upole, kisha mwaka wa tano akakataa kuuongeza mkataba, hakuwa mpole.

Jengine linalosahauliwa ni watoto wenye ulemavu na wale wanaojifunza Kiingereza, jambo linalozigusa sana familia zilizohamia. Kwa sheria ya taifa, skuli ya chata inawajibika kwao kama skuli yoyote ya umma. Lakini skuli ndogo yenye watoto 150 itawezaje kuajiri mtaalamu wa matamshi, mtaalamu wa kisaikolojia na mwalimu wa viziwi? Peke yake haiwezi. Ikishirikiana na wenzake watano, inaweza, wakamgawana mtaalamu mmoja kwa siku. Kuwakutanisha hao watano ni kazi ya mtoa idhini, na haiingilii uhuru wa mtu. Shida ni kwamba watoa idhini wengi, khasa wilaya ndogo, wanasimamia skuli moja au mbili tu na wenyewe hawana mtu aliyeisomea kazi hii.

Pale fedha ya usimamizi inapopofusha

Mtoa idhini analipwa. Katika majimbo mengi hukata asilimia ndogo ya fedha za skuli. Ohio na Michigan sheria inaruhusu mpaka asilimia 3. Ni haki, kwani kazi ina gharama. Lakini hapo pana mtego: kadiri skuli inavyoandikisha watoto wengi, ndivyo fungu la msimamizi linavyokua. Anayetakiwa kuuliza "watoto hawa wapo kweli?" ndiye anayefaidika wakiwa wengi.

Ohio walilipa gharama ya hilo. Skuli ya mtandaoni iliyoitwa Electronic Classroom of Tomorrow, yenye makao yake Columbus, mji wenye familia nyingi za Kisomali, wakiwemo wenzetu wa Barawa wanaozungumza Chimwini, ilidai fedha za wanafunzi zaidi ya 15,000 katika mwaka wa masomo wa 2015-16. Jimbo lilipokagua ni muda gani wanafunzi hao walisoma kweli, lilithibitisha takriban 6,300. Skuli ikaamriwa kurejesha karibu dola milioni 60 kwa mwaka huo mmoja. Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, mtoa idhini wake aliisimamisha, na watoto wapatao 12,000 wakaachwa wakitafuta pa kwenda. Skuli ilikuwa imeendeshwa tangu mwaka 2000. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Ohio ilikuwa imeshakaza sheria ili watoa idhini nao wapimwe na wapewe daraja, na anayefanya vibaya anyang'anywe kazi. Kwa skuli hiyo dawa ilichelewa.

Mtego wa pili ni mtoa idhini kuiuzia skuli huduma: mafunzo, uhasibu, mitaala. Msaada unaouzwa na mtu mwenye uwezo wa kukufunga ni vigumu kuukataa. Tunaona salama zaidi ni mtoa idhini kuionyesha skuli wapi msaada unapatikana, na kuiacha ichague na ilipe inakotaka.

Kufunga kwa utaratibu

Huenda ikashangaza kuhesabu kufunga skuli miongoni mwa wajibu wa anayetakiwa kuisaidia. Lakini zipo skuli ambazo watoto hawasomi, au fedha zinaliwa, na kuziacha ni kuwadhulumu watoto waliomo. Tofauti iko katika namna. Uamuzi ukitolewa msimu wa baridi, mzee anaiwahi kura ya skuli nyengine. Miji kama Washington ina kura moja ya pamoja kwa skuli nyingi, na tarehe ya mwisho ya kuomba ni mapema katika mwaka. Uamuzi ukitolewa Juni, nafasi nzuri zimeshakwisha. Kazi ya mtoa idhini hapo ni kuhakikisha rekodi za kila mtoto zinahamishwa, mipango ya watoto wenye ulemavu inafika mikononi mwa skuli mpya, walimu wanalipwa, na familia zinapewa mtu wa kuzungumza nao kwa lugha wanayoielewa.

Kwa walio na watoto katika skuli hizi, au wanaofikiria kuwaandikisha, yapo ya kufanya bila ya kungojea barua. Mkataba wa skuli ni waraka wa umma. Uombeni, na angalieni tarehe unaomalizika. Ulizeni mtoa idhini ni nani na ripoti yake ya mwisho ilisema nini. Aghlabu huwekwa hadharani. Mikutano ya bodi kwa kawaida iko wazi kwa wazee, na dakika kumi za taarifa ya fedha zitawaambieni mengi kuliko sherehe ya kufunga mwaka. Ikiwa skuli imeahidi mazingira yanayomfaa mtoto wa Kiislamu, ulizeni ahadi hiyo imeandikwa wapi na mtoa idhini ameiona au hajaiona. Na nakala za ripoti, matokeo na kadi ya chanjo ya mtoto ziwekwe nyumbani, zisiachwe ofisini kwa skuli peke yake.